Namba ya Siri Iko Kwenye Kidole Gumba: Batani, Tachi na Simu za Nkome

Nimekuwa kimya kidogo maana kazi zilibana, lakini leo nimekaa chini niandike jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani. Jamaa yangu mmoja tuliyesoma naye chuoni pale Malimbe, Mwanza, sasa hivi anapiga kazi Dar, alinipigia simu juzi akaniuliza: "Mwandishi, nataka kumnunulia bi mkubwa simu. Nimchukulie ya tachi au nimwachie kitochi chake?"

Nikacheka. Halafu nikanyamaza mpaka akadhani mtandao umekata. Swali hilo hilo nilijiuliza mwaka 2021 na nikalijibu haraka haraka, nikakosea, na aliyelipa hasara hakuwa mimi. Kwa hiyo leo sitaki kumjibu kwa mstari mmoja. Nitaanza na kilichotokea kwetu Nkome, halafu turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana kosa langu lilikuwa limeanza kupikwa zaidi ya miaka mia kabla sijazaliwa.

Kwa wasioijua, Nkome ni kata ya wavuvi kando ya Ziwa Victoria, wilaya ya Geita. Zamani tulikuwa mkoa wa Mwanza, tukawa mkoa wa Geita mwaka 2012. Mtu akisikia Geita anafikiria dhahabu, na simlaumu. Dhahabu ilichimbwa pale tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini Nkome tunaamka kwa ajili ya samaki. Sangara wana wenyewe, wenye mitaji. Akina mama wengi wako kwenye dagaa.

Mama yangu ni mmoja wao. Dagaa wanavuliwa usiku wakati wa giza, taa zikiwaka ziwani kama mji mwingine. Alfajiri mitumbwi ikirudi mwaloni, akina mama wanakuwa wameshafika na mabeseni yao. Mwenye hela mkononi ndiye anayepata. Ukichelewa nusu saa, wanunuzi wanaopeleka mzigo Mwanza, soko la Mwaloni Kirumba, wamezoa kila kitu. Mama na wenzake wanne walikuwa na kikundi, wananunua pamoja, wanaanika pamoja. Hela za kikundi zilikaa kwenye laini ya mama, kwa sababu walimwamini na kwa sababu hela iliyo kwenye simu haiombwi ovyo na mume.

Simu yenyewe ilikuwa kitochi. Wengine mnakiita kiswaswadu. Alikuwa nacho miaka mingi hata sikumbuki, kimefungwa raba kuzuia mfuniko wa betri, na namba zilikuwa zimefutika zote kwenye batani isipokuwa 1 na ile nyota. Mimi nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza yenye mshahara wa maana, nikaona aibu. Mtoto mwandishi wa habari, mama anabonyeza simu isiyo na namba! Nikanunua ya tachi, kioo kikubwa, kamera mbili. Nikaenda nayo nyumbani mwisho wa mwaka, nikakata laini yake iwe ndogo iingie, nikamwonyesha WhatsApp, tukapiga picha. Kitochi nikakitupa kwenye droo. Baada ya siku mbili nikarudi Mwanza najiona mtoto mwema.

Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, napigiwa na namba ya jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii simu yako inanikatalia hela."

"Inakataaje?"

"Inataka namba ya siri."

"Si uweke tu, mama."

"Niweke wapi? Zimepangwa mstari."

Sikumwelewa. Nikamwambia asome namba moja moja, taratibu. Akasema ameshakosea mara mbili. Hapo nikashtuka, maana wote tunajua ya tatu inafunga. Nikamwambia, mama, najua hairuhusiwi, lakini nitajie hiyo namba nikuelekeze iko wapi.

"Siijui."

"Hujui namba yako ya siri?"

"Sijawahi kuijua. Kidole ndicho kinachoijua."

Nyuma yake nilisikia sauti za wenzake. Mmoja akauliza kwa sauti, makusudi nisikie, hela za watu zimeingia ndani ya kioo au zimekwenda Mwanza? Kulikuwa na laki tisa mle ndani. Mama hakumjibu.

Aliyetuokoa ni kijana wa kibanda cha kuchajia simu. Alichukua fremu ya plastiki ya kadi nyingine, akaichonga kwa wembe, akapachika ile laini niliyoikata, akairudisha kwenye kitochi. Mama akageuka kando, kidole gumba kikatembea mara nne bila yeye kuangalia, na hela zikaonekana zote, hazikupungua hata mia. Lakini ilikuwa inakaribia saa tatu. Mwaloni palibaki maji na magamba. Akina mama watano walirudi na mabeseni matupu, na wiki iliyofuata kikundi kikahamishia mfuko kwenye laini ya mwanamke mwingine. Hakuna aliyemshtaki mama kwa lolote. Walihamisha tu.

Sasa wadau, ile kauli ya "zimepangwa mstari" ilinisumbua sana. Nikaanza kutafuta. Na nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike.

Ukitazama simu ya tachi utakuta ina mipangilio miwili ya namba. Ukipiga simu, namba zinakuja kwa mraba: 1-2-3 juu, 4-5-6 katikati, 7-8-9 chini, 0 peke yake. Lakini kwenye simu kama ile niliyomnunulia mama, ukipiga *150*00# au namba yoyote ya huduma ya pesa, na kile kisanduku kikakutaka ujibu, inaibuka kibodi ya herufi, na namba zimelala juu mstari mmoja, 1 mpaka 0. Kwako wewe uliyesoma na kutumia kompyuta hiyo si kitu. Kwa mtu ambaye namba yake ya siri ni njia tu, yaani panda, shuka, kata kushoto, ni sawa na kuamka asubuhi ukute nyumba yako imejengwa upya usiku.

Mipangilio hiyo miwili ina wazazi tofauti. Ule wa mstari unatoka kwenye mashine ya taipu. Mmarekani Christopher Sholes na wenzake waliitengeneza, ikaanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, ikiwa na mpangilio wa herufi tunaouita QWERTY na namba mstari wa juu kabisa. Ilitengenezwa kwa ajili ya karani aliyekaa kwenye kiti, mbele ya meza, mikono miwili iko huru. Mashine hiyo ikazaa kibodi ya kompyuta, ya kompyuta ikazaa ya BlackBerry, na leo iko kwenye kioo cha kila tachi.

Ule wa mraba ni mtoto wa simu ya mezani. Kabla yake ulikuwa unazungusha kidude cha duara. Miaka ya 1950 wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani walianza kupima mipangilio ya batani, wakawaweka watu wa kawaida wapige namba huku wanahesabu muda na makosa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1960, ukachaguliwa ule wa tatu kwa tatu. Novemba 1963 simu za batani zikaanza kutumika rasmi kwenye miji miwili ya Pennsylvania. Mwaka 1968 zikaongezwa batani mbili, nyota na reli, ambazo mpiga simu wa kawaida wakati ule hakuwa na kazi nazo. Fikiria: nyota na reli zilikaa miongo minne, mpaka akina mama wa mwaloni wakazipa kazi ya kununulia dagaa!

Kitu kingine kwenye familia ya mraba ni kile kipele kidogo kwenye batani ya 5. Ukikigusa unajua uko katikati, na kutoka hapo unafika kokote bila kuangalia. Kioo hakina kipele. Kioo lazima ukiangalie.

Kwetu mraba ndio ulitangulia. Kompyuta nilikuja kuigusa mara ya kwanza sekondari. Simu nilizijua nikiwa darasa la pili, mwaka 2005 hivi. Mtandao ulikuwa wa kutafuta, unapanda juu kwenye mawe, unanyoosha mkono kama unaomba mvua. Nchini simu za mkononi zilikuwepo tangu Mobitel ilipoanza mwaka 1994, Vodacom ikaja 2000, Celtel 2001, lakini huko mwanzoni simu ilikuwa kitu cha mzungu wa mgodini au tajiri wa sangara. Iliyobadilisha mambo ni Nokia 1100 ya mwaka 2003. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na nadhani kila mmoja wetu humu ana mjomba aliyekuwa nayo. Ilitengenezwa makusudi kwa nchi kama zetu. Batani zake zilifunikwa kwa kipande kimoja cha mpira ili vumbi lisipenye, betri inakaa siku kadhaa, na juu kabisa kuna tochi. Mtaani jina likaja lenyewe: kitochi. Hata simu zilizokuja baadaye zikarithi jina.

Mjomba wangu alikuwa nayo kule Nyarugusu kwenye machimbo. Anashuka nayo kwenye duara, inamulika, inaanguka, inapanguswa matope kwenye suruali, inapigwa. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa sululu na nyundo, ngozi ngumu kama soli. Batani haikujali. Batani inachotaka ni uzito, haiulizi kidole kina nini.

Na Kiswahili chetu kilikaa vizuri kwenye zile batani nane za herufi kuliko watu wanavyodhani. Wadogo zangu mliozaliwa na tachi, kila batani ilibeba herufi tatu au nne, ABC kwenye 2, DEF kwenye 3, na kuendelea. A unabonyeza mara moja, B mara mbili, C mara tatu. Sasa andika "dagaa". D mara moja, A mara moja, G mara moja, A, A. Mibonyezo mitano kwa herufi tano! "Mama" ni minne. Lugha yetu imejaa A na M, na zote zinakaa mwanzo wa batani zao. Ila "sangara" ni kumi na tatu, kwa sababu ya ile S inayotaka minne. Meseji ilikuwa na nafasi ya herufi 160, na mama, aliyeishia darasa la nne, aliweza kuandika "dagaa wapo njo" akaituma kwa mnunuzi Mwanza huku anatembea. Aliyejaribu kuwasha kile kisaidizi cha kubashiri maneno anakumbuka kilivyoibadilisha "nakuja" kuwa Kiingereza cha ajabu. Tulikizima.

Kwamba simu inamsaidia muuza samaki si porojo. Mchumi mmoja, Robert Jensen, alichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu wavuvi wa Kerala, India, ambako simu zilifika kati ya 1997 na 2001. Kabla ya hapo pwani moja samaki wanamwagwa kwa kukosa mnunuzi, na pwani ya jirani wanunuzi wanakosa samaki. Simu zilipokuja bei zikakaribiana, samaki wakaacha kumwagwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Miaka ile simu zilikuwa za batani. Kwa kazi hiyo ilitosha sauti na namba.

Mwaka huo huo wa 2007 yalitokea mambo mawili mengine. Januari 9, Steve Jobs alisimama jukwaani San Francisco akaonyesha simu nne zilizokuwa zinatamba, Motorola Q, BlackBerry, Palm Treo na Nokia E62, akasema kasoro yake ni moja: zile batani za plastiki zipo pale pale, uzitake usizitake, na huwezi kuzibadilisha kila programu ikitaka zake. Halafu akatoa iPhone, kioo kitupu. Machi mwaka huo, Safaricom ya Kenya ikazindua M-Pesa, ambayo ilitaka batani kumi na mbili na laini ya simu, basi. Tanzania ikafika Aprili 2008.

Vitabu vingi vya historia ya simu vinaanza ukurasa mpya na lile jukwaa la San Francisco. Ningekuwa naandika historia ya simu ya Nkome, ukurasa mpya ningeuanza na M-Pesa. Kwa sababu ndiyo iliyogeuza batani kutoka kitu cha kupigia simu kuwa ufunguo wa sanduku la fedha. Kuanzia hapo vidole vya watu vikaanza kujifunza njia zao nne za siri.

Tachi za kwanza nilizoziona kwetu zilikuwa za Mchina: laini mbili, antena ya TV, spika zinazosikika mpaka ng'ambo ya ziwa, na kijiti cha kuchorea pembeni. Kioo kile kilikuwa tabaka mbili, unakandamiza zikutane. Kucha inafanya kazi, kijiti kinafanya kazi, kidole kibichi kinafanya kazi. Tuliziona mbovu, na nyingi zilikuwa feki kweli. Juni 16, 2016 TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima, droo zikajaa. Tachi za kisasa zinafanya kazi tofauti. Kioo kinahisi umeme mdogo wa mwili wako. Ni laini, inateleza, tamu kabisa. Lakini maji nayo yanapitisha umeme. Kidole chenye maji ya ziwa na ute wa samaki kinakichanganya kioo, kinabonyeza kisichotakiwa, au kinakataa kabisa. Na kidole chenye sugu kama cha mjomba, kioo kinakisikia kwa shida.

Siwasimangi wenye tachi, mimi mwenyewe nilipita njia zote. Nilipomaliza kidato cha sita nilinunua BlackBerry Curve ya mtumba. Jamani! Wakati huo wa mjini walishazichoka, lakini mimi nilijiona nimefika. Zile batani ndogo za herufi zote, unaandika habari nzima kwa vidole gumba viwili ukiwa ndani ya Hiace kutoka Geita. Sijawahi kuandika haraka hivyo tena kwenye simu. Nilikuwa na imani kabisa kwamba mwandishi wa kweli anahitaji batani. Lakini simu zile zilishapoteza vita. BlackBerry walijaribu kioo na Storm mwaka 2008 kikawashinda, wakaja na mfumo mpya mwaka 2013 wakiwa wamechelewa. Nokia nao walitangaza Septemba 2013 kwamba wanaiuzia Microsoft biashara yao ya simu. Desemba 31, 2017 WhatsApp ikaacha kuhudumia BlackBerry. Nilikuwa chuoni, mwaka wa pili, grupu zote za darasa ziko kule. Sikuihama batani kwa sababu nilishawishika, nilihama kwa sababu wenzangu hawakuwepo tena upande huu. Nadhani wengi wetu tulihama hivyo, halafu baadaye tukajiambia tulichagua.

Vidole vilidaiwa tena wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Mjomba alikuwa na kitambulisho chake cha taifa, kila kitu safi. Aliweka kidole kwenye kile kioo mara nne, mara sita, alama hazisomeki. Mawe ya miaka ishirini yalikuwa yamezifuta. Ilibidi wajaribu kidole baada ya kidole mpaka kile cha mwisho mkono wa kushoto kikakubali. Alitoka pale anacheka, lakini nilimwona alivyokuwa anajiangalia mikono.

Sasa msije mkadhani nahubiri turudi kwenye vitochi. Kuna upande wa pili na mama ndiye aliyenionyesha. Ile tachi haikurudi kwenye boksi. Ilikaa nyumbani juu ya kabati, na jioni akishanawa mikono anaichukua, anabonyeza alama ya kipaza sauti, anaongea. WhatsApp ilileta ujumbe wa sauti Agosti 2013, na mimi nilikuwa nauona kama uvivu wa watu wasiotaka kuandika. Mpaka nilipoanza kupokea za mama. Kwenye kitochi mama alikuwa mtu wa maneno matatu: "umefika", "dagaa wapo", "tuma vocha". Kwenye sauti ni mtu mwingine. Anaanza kwa Kiswahili, anaingia Kisukuma, anasimulia nani kafa, nani kaoa, anakaa kimya kidogo, unasikia kuku, anaendelea. Dakika nne, tano. Miaka yote ile ya batani nilidhani mama yangu ni mtu wa maneno machache! Kumbe ni batani zilizokuwa chache. Kisukuma chake kilikuwa hakiandikiki kwake, na hakuna aliyewahi kumfundisha kukiandika.

Kwa hiyo batani ilimpa hela zake na kioo kikampa mdomo wake.

Kuna wakati ilionekana hivyo vitu viwili vinaweza kukaa pamoja. Kuanzia mwaka 2019 zilianza kuuzwa nchini simu za batani zenye WhatsApp ndani, zinatumia mfumo wa KaiOS, na wauzaji hawakuona aibu kutumia jina la mtaani: Smart Kitochi. Nilitaka kumchukulia mama. Nikasema ngoja nijipange. Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye kupakuliwa katika simu za KaiOS, na mlango huo ukafungwa. Kwa hiyo leo anayetaka batani na sauti pamoja anabeba simu mbili, na hivyo ndivyo mama anavyofanya. Nenda mwaloni asubuhi uangalie, hayuko peke yake. Kitochi kimefungwa kwenye pindo la khanga, tachi iko nyumbani.

Basi, kwa jamaa yangu wa Dar na wengine wenye swali kama lake, ushauri wangu ni huu. Kabla hujaangalia kamera na ukubwa wa kioo, muulize bi mkubwa simu anaitumia akiwa wapi na mikono yake ina nini. Ukimnunulia tachi, usikate laini yake ya pesa siku hiyo hiyo. Nunua laini nyingine, mwache azoee picha na sauti kwanza. Na kama ni lazima uihamishe, basi kabla hujaigusa, mwombe abadilishe namba ya siri kwenye kitochi chake, aichague upya na aisome mwenyewe kimoyomoyo, tarakimu moja moja, mpaka ikae kichwani na siyo kwenye kidole tu. Mimi sikujua kwamba kuna tofauti. Nilimpokonya mama ufunguo nikidhani nampa zawadi.

Mwezi uliopita nilikuwa Nkome, usiku wa giza. Nikamwuliza kama ule mfuko wa kikundi uliwahi kurudi kwake. Akasema hapana, anaushika yule yule, na anaushika vizuri. Halafu akachukua kitochi akaniambia, hebu geuka. Nikageuka. Nilisikia batani nne zinalia, tik, tik, tik, tik, na akanitumia elfu kumi ya nauli ya kurudi Mwanza.

Alamsiki wadau.